Wagonjwa wa TB waliocheza dansi: dawa za sonona zilivyopatikana kabla hazijaeleweka

Mwaka 1952 magazeti ya Marekani yalichapisha picha ambazo hakuna aliyezitarajia kutoka hospitali ya kifua kikuu. Wagonjwa wa Sea View, hospitali iliyokuwa Staten Island mjini New York, walionekana wakicheka na kucheza dansi. Hawa ni watu ambao miezi michache kabla walikuwa vitandani wakisubiri kufa. TB ya wakati ule haikuwa mchezo. Sindano za streptomaisini zilikuwepo tangu miaka ya 1940, lakini vimelea vilikuwa vinaizoea haraka.

Kilichobadilika ni vidonge viwili vipya vilivyokuwa vinajaribiwa pale: isoniazidi, na ndugu yake iproniazidi. Vyote viwili vilitokana na haidrazini, kemikali ambayo Wajerumani waliitumia kwenye mafuta ya ndege za roketi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huenda unamfahamu mtu aliyemeza isoniazidi, maana hadi leo ni mojawapo ya dawa nne zinazoanzishiwa mgonjwa wa TB katika kliniki zetu. Lakini iproniazidi ndiyo iliyoleta vituko. Waliopewa walipata hamu ya kula, wakawa wachangamfu kupita kiasi, wengine wakashindwa kulala. Furaha yao haikulingana kabisa na picha za X-ray za mapafu yao.

Sasa angalia jambo hili liliingiaje kwenye kumbukumbu za tiba. Madaktari walikuwa wanatafuta dawa ya mapafu. Kuchangamka kwa mgonjwa hakukuwa lengo lao, kwa hiyo kukaandikwa pamoja na mdomo kukauka na choo kuwa kigumu, kwenye orodha ya maudhi ya dawa. Yaani dawa ya kwanza ya kisasa ya sonona ilianza maisha yake kama maudhi ya dawa nyingine.

Nataka tuifuate historia hii kwa sababu inajibu swali ambalo wengi tunalo: hivi dawa za sonona zinafanyaje kazi, na kwa nini zinasumbua mwili? Jibu tulilozoea kusikia ni kwamba ubongo umepungukiwa na kemikali, na dawa inaijaza. Ni jibu jepesi na linakumbukika. Shida ni kwamba lilikuja baada ya dawa zenyewe, na halikuwahi kuthibitishwa namna hiyo.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane kwenye maneno. Sonona siyo huzuni ya siku mbili baada ya kufeli mtihani, wala siyo msongo wa mawazo wa kodi ya nyumba, ingawa mambo hayo yanaweza kuchangia. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, mtu amepoteza raha kwa vitu alivyovipenda, usingizi umevurugika, mwili mzito, na kichwani kuna sauti inayomwambia hana thamani.

Jaundisi, jibini na barua ya mfamasia

Mwaka huohuo wa 1952, mtafiti Ernst Albert Zeller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Northwestern waligundua kitu muhimu. Iproniazidi ilikuwa inazuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, ila isoniazidi haikufanya hivyo. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunjavunja kemikali ambazo seli za neva huzitumia kupelekeana ujumbe, zikiwemo serotonini, noradrenalini na dopamini. Ukikizuia, kemikali hizo zinabaki nyingi zaidi.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1957, daktari wa akili Nathan Kline na wenzake katika hospitali ya Rockland State, New York, walitoa taarifa kwamba wameipa iproniazidi wagonjwa ambao hawakuwa na TB kabisa, ila walikuwa wamezama kwenye sonona, na wengi walipata nafuu. Habari ilisambaa kama moto wa nyika. Dawa ilikuwa tayari madukani kwa jina la Marsilid, kama dawa ya TB, kwa hiyo madaktari hawakusubiri kibali kipya. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imefika kwa mamia ya maelfu ya watu.

Ndipo bili ikaja. Baadhi ya waliomeza walipata jaundisi, macho na ngozi vikawa vya njano, ini likaharibika, na wengine walifariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marsilid ikaondolewa sokoni Marekani.

Dawa nyingine za kundi hilohilo ziliendelea kutumika, nazo zikaja na kisa chake. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wanapatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, presha ikipanda kwa kasi, na wachache walipasuka mishipa ya ubongo. Hakuna aliyejua kwa nini. Kisha mfamasia mmoja wa Nottingham, Uingereza, akaandika barua. Mke wake alikuwa anatumia dawa hizo, na kila akila jibini kichwa kilikuwa kinataka kupasuka. Je, kuna uhusiano?

Kuna waliodhani ni kichekesho. Lakini Barry Blackwell, daktari kijana aliyekuwa masomoni katika hospitali ya Maudsley mjini London, alilichukulia kwa uzito, akakusanya visa vingine na kuvichapisha mwaka 1963. Maelezo yalipatikana. Jibini lililokomaa lina tiramini nyingi, kemikali inayoweza kupandisha presha. Kwa kawaida kimeng'enya kilekile, kilichopo pia kwenye utumbo na ini, huivunja kabla haijafika mbali. Dawa ikikizuia kimeng'enya, tiramini inapita bila kizuizi.

Tazama nani aligundua. Jopo la maprofesa halikuwa na habari. Aliyeanza ni mwanamke aliyeona kitu mwilini mwake akakisema, na mume aliyekubali kumsikiliza.

Kidonge kilichofeli kazi yake

Wakati Kline anaitangaza iproniazidi, Uswisi kulikuwa na kisa kinachofanana nacho. Kampuni ya Geigy ya mjini Basel ilikuwa inatafuta dawa ya skizofrenia itakayoshindana na klorpromazini, iliyokuwa imeanza kutikisa hospitali za akili tangu mwaka 1952. Walikuwa na kemikali inayofanana nayo kwa umbo, wakampelekea Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya Münsterlingen kando ya Ziwa Constance, aijaribu.

Kwa skizofrenia ilifeli, na baadhi ya wagonjwa walizidi kuchafukwa. Lakini Kuhn aliona kwamba ilikuwa inainua hisia za watu. Mapema mwaka 1956 aliwapa wagonjwa wachache waliokuwa na sonona kali, na baada ya muda mfupi hali ikaanza kubadilika. Hakuwa na kipimo cha damu wala dodoso la alama. Alikaa na wagonjwa akiwauliza asubuhi inakuwaje, usingizi unakuwaje, chakula kina ladha au hakina.

Mwaka 1957 alieleza matokeo yake kwenye mkutano wa dunia wa madaktari wa akili mjini Zürich, na waliofika kumsikiliza walikuwa kama dazeni moja tu. Dawa hiyo, imipramini, ikauzwa kwa jina la Tofranil, ikazaa ukoo mzima. Mmojawapo wa ukoo huo ni amitriptilini, ambayo bila shaka umeiona kwenye hospitali zetu, iwe kwa sonona au, kwa dozi ndogo, kwa maumivu ya neva kama ya miguu kuwaka moto kwa wagonjwa wa kisukari.

Kisa hiki kina upande wa giza ambao hatupaswi kuuruka. Mwaka 2019 wanahistoria wa Uswisi walichapisha utafiti kuhusu majaribio ya dawa pale Münsterlingen. Kwa miongo kadhaa kemikali nyingi ambazo hazijapata kibali zilijaribiwa kwa watu zaidi ya elfu moja, wengi wao bila kuelezwa wala kuombwa ridhaa. Kuhn alisifiwa kwa kuwasikiliza wagonjwa wake. Lakini kumsikiliza mtu akueleze anavyojisikia, bila kumwambia umemmezesha nini, ni usikivu wa nusu.

Nadharia inakuja nyuma ya dawa

Sasa wanasayansi walikuwa na aina mbili za dawa zinazosaidia, na hakuna aliyejua zinasaidiaje. Jibu la upande wa imipramini lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka maabara ya Julius Axelrod nchini Marekani, kazi iliyochangia kumpa Nobel mwaka 1970.

Ili kuelewa, fikiria seli mbili za neva kama majirani wawili wanaotenganishwa na kichochoro. Hazigusani. Ya kwanza ikitaka kusema kitu inamwaga kemikali kwenye kichochoro, na ya pili inaidaka kwa vipokezi vyake. Baada ya hapo lazima kichochoro kisafishwe, vinginevyo ujumbe mmoja utaendelea kupigwa bila mwisho. Axelrod na wenzake walionyesha kuwa njia kuu ya usafi ni seli ya kwanza kuinyonya kemikali yake na kuirudisha ndani. Imipramini ilikuwa inaziba mlango huo wa kurudia. Iproniazidi, kama tulivyoona, ilikuwa inamzuia mvunjaji. Njia mbili tofauti, matokeo yanafanana: kemikali inakaa kichochoroni muda mrefu zaidi.

Kulikuwa na ushahidi wa tatu. Reserpini, dawa ya presha, ilikuwa inapunguza kemikali hizohizo kwenye ubongo, na madaktari walikuwa wameona baadhi ya wanaoitumia wakizama kwenye huzuni. Hesabu ikaonekana imekamilika: ukiongeza kemikali mtu anainuka, ukipunguza anazama, basi sonona ni upungufu. Joseph Schildkraut aliandika hoja hiyo kwa noradrenalini mwaka 1965, na Alec Coppen wa Uingereza akaipigia debe serotonini miaka michache baadaye.

Hesabu ilikuwa nzuri, ila ilikuwa inaruka vitu. Mwaka 1955 Davies na Shepherd walichapisha jaribio lililofanyika London ambamo wagonjwa wenye wasiwasi na sonona walipewa reserpini na wakapata nafuu, kinyume kabisa na nadharia. Halikusikilizwa sana.

Kosa lenyewe la kimantiki ni rahisi kuliona ukilileta nyumbani. Kichwa kinauma, unameza panadol, kinapoa. Je, damu yako ilikuwa imepungukiwa na panadol? Dawa kusaidia hakutuambii peke yake ugonjwa ulisababishwa na nini.

Pamoja na hayo, nadharia ilizaa matunda. Arvid Carlsson wa Sweden alishiriki kutengeneza zimelidini, dawa iliyolenga mlango wa serotonini peke yake. Iliingia sokoni Sweden mwaka 1982 na kuondolewa mwaka uliofuata kwa sababu baadhi ya watumiaji walipatwa na ugonjwa wa neva unaopoozesha mwili. Huko Indianapolis, Bryan Molloy, Ray Fuller na David Wong wa kampuni ya Eli Lilly walikuwa na fluoksetini tangu mwaka 1972. Ilipata kibali cha Marekani mwishoni mwa 1987, kwa jina ambalo hata asiyewahi kuimeza analijua: Prozac. Hapo ndipo maneno "upungufu wa serotonini" yalipotoka kwenye majarida ya kitaalamu yakaingia kwenye matangazo na mazungumzo ya watu.

Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miongo mingi na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa watu wenye sonona wana serotonini pungufu. Mitandaoni ikageuzwa kuwa "dawa za sonona ni uongo". Hapana. Hayo ni maswali mawili tofauti. Kuhusu kama zinasaidia, uchambuzi mkubwa wa Andrea Cipriani na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulijumlisha majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21. Zote 21 zilifanya vizuri kuliko kidonge kitupu kwa watu wazima wenye sonona. Tofauti kwa wastani haikuwa kubwa, na majaribio mengi yalipima wiki 8 tu. Lakini ilikuwepo. Na amitriptilini, ile ya miaka ya 1960, ilikuwa kileleni kwa ufanisi.

Kwa nini inasumbua kwanza, inasaidia baadaye

Hapa historia inagusa maisha ya mtu aliyeandikiwa dawa juzi. Fluoksetini inaziba mlango wa serotonini ndani ya saa chache. Lakini hisia huchukua wiki 2 hadi 6 kubadilika kweli. Kama tatizo lingekuwa pengo la kujazwa tu, mtu angeinuka jioni ileile. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba kujaa kwa kichochoro ni mwanzo tu: seli zinajipanga upya taratibu, zinabadilisha idadi ya vipokezi, zinaimarisha miunganiko yao, na mtu anaanza kuyapokea mambo kwa namna tofauti.

Mwili mwingine hausubiri. Serotonini nyingi ya mwili wako, kama asilimia 90, haiko kichwani, iko kwenye mfumo wa chakula. Ndiyo maana siku za mwanzo mtu anapata kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kuharisha. Wengine wanatoka jasho, wanakosa usingizi au wanasikia wasiwasi umepanda. Mengi ya haya hupungua baada ya wiki moja au mbili. Linaloweza kubaki ni kupungua kwa hamu na uwezo wa tendo la ndoa, na watu wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, maana ni aibu kulisema.

Amitriptilini na ukoo wake zina maudhi ya aina nyingine, kwa sababu zinagusa vipokezi visivyohusika kabisa na sonona. Zikiziba vile vinavyoongoza mate, utumbo, kibofu na macho, mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unachelewa na maandishi yanafifia. Zikigusa vipokezi vya histamini, usingizi na uzito vinaongezeka. Zikigusa mishipa ya damu, mtu anaona kizunguzungu akisimama ghafla. Zikizidishwa dozi, zinaweza kuusimamisha moyo, ndiyo maana hazifai kuachwa ovyo nyumbani.

Weka ratiba hizo mbili pamoja uone mtego ulipo. Wiki ya kwanza mgonjwa anapata maudhi yote bila nafuu yoyote. Kama hakuambiwa, atafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: ataacha, na atawaambia wenzake dawa haifai. Hana kosa. Alihukumu kwa ushahidi aliokuwa nao.

Na kuna ya kuripoti haraka. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaoanza dawa hizi, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake kijana anayeanza anahitaji kufuatiliwa kwa karibu wiki za mwanzo, na akianza kuhangaika, kukosa utulivu au kuwaza kifo, aelekezwe hospitali siku hiyohiyo. Pia kuacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kuleta kizunguzungu, hasira, ndoto kali na hisia kama za shoti ya umeme kichwani. Haimaanishi amekuwa teja. Mwili umezoea, unahitaji kupunguziwa dozi kidogokidogo chini ya uangalizi.

TB inarudi tena

Wanaoishi Afrika Mashariki wana sababu moja zaidi ya kuijua historia hii. Leo TB sugu inatibiwa kwa dawa kadhaa, mojawapo ni linezolidi. Nayo, kama iproniazidi ya Sea View, inazuia kimeng'enya cha monoamini oksidesi, ingawa kwa nguvu ndogo. Mgonjwa wa TB sugu ni mtu mwenye kila sababu ya kupata sonona: matibabu ya miezi mingi, kazi imekwama, majirani wanamkwepa. Akiwa tayari anatumia fluoksetini na akaongezewa linezolidi bila mtu kuuliza, serotonini inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari: homa, mwili kutetemeka, misuli kukakamaa, moyo kwenda mbio. Hatari hiyohiyo ipo kwa tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengine hujinunulia tu.

Wakati huohuo utafutaji unaendelea, na kwa mtindo uleule. Ketamini, ambayo hospitali zetu huitumia kumlaza mgonjwa wa upasuaji, ilionekana katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2000 kuinua hisia za watu wenye sonona ndani ya saa, siyo wiki. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kupuliza puani iliyotokana nayo. Haianzii kwenye serotonini, inaanzia kwenye glutamati. Dawa ya usingizi imegeuka dawa ya sonona, kama ya TB ilivyogeuka.

Kwa hiyo mtu wako akianzishiwa dawa hizi, yapo mambo matatu ya kuuliza kabla hajatoka chumba cha daktari au dirisha la dawa. Maudhi gani yatakuja wiki ya kwanza, na yapi ni ya kurudi haraka? Nafuu tuitegemee lini, na isipokuja tufanye nini? Dawa nyingine anazotumia, hata za dukani, zinaelewana na hii? Na akirudi nyumbani akasema dawa inamfanya hivi au vile, msimwambie anajiendekeza. Andikeni tarehe, andikeni alichosema, mrudi nacho kliniki.